Waya wa King'ora cha Kalukuni

Ofisi ya Mradi wa Tahadhari ya Mito,
Machakos.
7 Oktoba 2024

Mama Tracy,
Mlinzi wa kituo cha mto Kalukuni,
Wamunyu.

Mama,

Pokea salamu zangu za heshima. Hatujaonana. Naitwa Titus Nzuki, ni karani hapa ofisini tangu Agosti. Ulipopiga simu kuuliza habari ya king'ora, mimi ndiye niliyepokea, na mimi ndiye niliyekujibu "tutaliangalia" kisha nikakata. Bwana Erastus, mkuu wetu, alikuwa amesimama nyuma yangu, na simu ya ofisi iko mezani kwake. Simu yako nimeijaribu kwa simu yangu mara kadhaa na haipatikani. Nadhani huko chini mtoni hakuna mtandao. Kilonzo, yule anayeleta vinyago dukani hapa kila Jumatatu, amekubali kunibebea barua na kusubiri majibu.

Fundi wetu Bonface, aliyekufungia sanduku la king'ora, mkataba wake uliisha akaenda Qatar. Nafasi yake haijajazwa. Bwana Erastus anasema wataalamu watakuja kutoka Nairobi baada ya Mwaka Mpya. Nilimkumbusha kwamba mvua za vuli haziko mbali, akaniuliza kama niliajiriwa kuwa karani au mtabiri wa hali ya hewa. Nikarudi kwenye faili zangu.

Lakini nimemwandikia Bonface. Anafikiri sanduku halijafa. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, na umeme ukikatika vibaya huwa inasimama katikati ya kuamka, ikingoja mtu aiambie iendelee. Inahitaji kuandikiwa neno moja tu. Tatizo ni kwamba haina kioo wala vitufe. Njia pekee ya kuiandikia ni kuunganisha kompyuta nyingine kwa waya maalumu, kwenye pini zilizo chini ya kifuniko. Waya huo sijaupata madukani hapa. Mtu hujitengenezea. Mimi si fundi, lakini nimesoma maelezo mengi na nadhani naweza.

Naomba kujua taa ya sanduku ni ya rangi gani, na kama yuko mtu hapo mwenye kompyuta ya kubeba. Naomba pia, ikiwezekana, jambo hili libaki kati yetu mpaka lifanikiwe. Mkataba wangu ni wa muda mfupi na utaangaliwa upya Desemba.

Wako mtiifu,
Titus Nzuki


Kalukuni,
Jumapili 13/10/2024

Karani Titus,

Wi museo, mwana wakwa? Uko mzima? Sisi huku tuko wazima. Kwa hivyo ni wewe ulinikatia simu! Nilipanda kilima mpaka juu nikitafuta mtandao, na haya magoti yangu, halafu sauti ya mtoto inaniambia tutaliangalia, kwisha. Nikasema huyu ameogopa kitu.

Taa ni nyekundu. Haizimi, haipepesi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi king'ora huwa kinalia kidogo ndio tujue kiko hai. Septemba hakikulia. Oktoba hakikulia.

Sijui wewe umekulia wapi, kwa hivyo wacha nikueleze. Huu mto wetu mwaka karibu wote ni mchanga. Tunachimba visima kwa mchanga, mtu anaingia ndani mpaka kichwa hakionekani, anachota na kikombe anajaza mtungi. Vijana nao wanapakia mchanga kwa malori. Sasa, hapa jua linawaka, wingu hakuna, na huko milimani kwenu mvua inanyesha. Maji yanakuja yote pamoja, kama ukuta unatembea. Mwenye kuwa ndani ya kisima haoni kitu. Zamani tulikuwa tunaweka mtu juu ya jiwe la kona, kwa zamu, akiona maji anapiga filimbi. Mlipoleta king'ora tukaacha zamu. Wanawake walicheza siku hiyo, hata mimi na magoti yangu. Sasa tumerudi kwa jiwe. Lakini malori yana kelele, na watu wamesahau kusikiliza filimbi. Masikio yao yamezoea king'ora.

Kwa hivyo tengeneza hiyo waya. Sitamwambia mtu. Kompyuta iko, ni ya Tracy, kifungua mimba wangu. Amemaliza chuo, anangoja kazi. Anataka kuandika hapa chini na nimemwachia nafasi ndogo makusudi, kwa sababu huyo akianza hamalizi.

Mama Tracy

Sasa karani! Ni Tracy. Niko na diploma ya kompyuta na kazi yangu ni kuchota maji na kukaa juu ya jiwe, kwa hivyo tuma waya nipate kitu cha maana. Nimefungua kifuniko nikaona pini zenyewe: GND, TX, RX, na ya mwisho VCC. Mama alinishikilia ngazi akisema nikipigwa na stima ataniua. Na wacha kujiita mtiifu. Unaandika kama mtu anaomba msamaha kabla hajakosa.


Machakos,
14 Oktoba 2024

Mama Tracy na Tracy,

Kilonzo anakula hotelini na kunisubiri, kwa hiyo naandika haraka, na mimi sipendi kuandika haraka.

Waya ndio huu. Nimekuwa nikiutengeneza jioni baada ya kazi, kwa fundi wa redio aliye nyuma ya soko, Kitheka. Aliniazima chuma cha kulehemu na akanicheka kwa namna nilivyokishika kwa mikono miwili. Upande mmoja unachomekwa kwenye kompyuta. Upande wa pili una nyaya tatu. Mweusi uende GND, wa kijani uende TX, mweupe uende RX. Ulikuwapo na mwekundu. Huo ndio unaobeba umeme, na ukigusa VCC sanduku zima linaweza kuungua. Niliota limeungua, watu wamesimama wakinitazama. Kulipokucha nikaukata mwekundu kabisa na kuufunga ncha.

Viungo vyote nimevimiminia gundi ya moto ili kisilegee kitu njiani.

Tracy, kasi ya mazungumzo ni 115200. Zima sanduku, liwashe tena, na maneno yatashuka kwenye kioo cha kompyuta yako. Yakisimama, andika boot, bonyeza Enter. Ni hivyo tu, kwa mujibu wa Bonface.

Kuhusu neno "mtiifu", hiyo ni desturi ya barua za ofisi. Nimeliacha leo.

Mimi ni wa Katelembo. Mto wetu una daraja.

Titus


Kalukuni,
20/10/2024

Karani,

Kioo ni cheusi kama sufuria ya kupikia isyo. Nimezima na kuwasha mpaka mama akasema namaliza betri ya sola. Hakuna herufi hata moja.

Leo baada ya kanisa nilikaa juu ya jiwe, zamu yangu, nikifikiria, na nimeona ulichofanya. TX ni mdomo. RX ni sikio. Wewe umeunganisha mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio! Sanduku linaongea ndani ya mdomo wa kompyuta, na hayo masikio mawili yanangojana tu. Lazima zipishane. Ni kazi ndogo sana, ningeifanya mwenyewe, lakini hiyo gundi yako! Karani, nani alikufundisha kufunga kitu kabla ya kukijaribu? Nilichokora na kisu cha mama nikaogopa kukata kila kitu. Nairudisha na Kilonzo. Kesho ni sikukuu kwa hivyo atakuja Jumanne. Pishanisha kijani na nyeupe, basi.

Usijisikie vibaya. Umejaribu kitu ambacho wenye kazi yao hawakujaribu. Mama ndiye amesema nikuandikie hivyo, mimi nilitaka kukucheka tu. Anauliza pia kama umeoa. Nimemwambia mtu wa kulehemu na mikono miwili hawezi kuwa ameoa.

Jioni mawingu yanakaa juu ya milima yenu. Huku kwetu bado ni vumbi.

Tracy


Machakos,
28 Oktoba 2024

Mama Tracy na Tracy,

Tracy, ulikuwa sawa. Nilipanga nyaya jinsi ninavyopanga faili: jina lile lile pamoja na jina lile lile. Haikunijia kwamba vitu viwili vinaweza kuhitaji kutofautiana ili visikilizane.

Jumanne ile ile nilipoupata niliyeyusha gundi na kuzipishanisha. Kitheka akanionyesha namna ya kuujaribu: unagusanisha kijani na mweupe, unaandika neno kwenye kompyuta, na neno likikurudia ujue waya ni mzima. Niliandika Kalukuni. Ikarudi Kalukuni. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

Lakini leo Kilonzo hatakuja nao, na naomba msikasirike mpaka mwisho wa barua.

Nilikuwa nimeuweka mezani tangu asubuhi ndani ya bahasha. Bwana Erastus alikuja kutafuta stepla, akauliza ni nini. Nilianza kusema ni chaja. Sijui kudanganya, masikio yangu hupata moto. Nikamwambia yote. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema sanduku ni mali ya wafadhili, likiharibika yeye ndiye atakayeulizwa, na hakuna kitu kitakachotoka ofisini kwenda kuligusa bila sahihi yake. Nikamwomba atie sahihi. Akasema niandike ombi. Nililiandika papo hapo, lakini alikuwa tayari anafunga mkoba. Anakwenda semina Naivasha na atarudi Ijumaa ya wiki ijayo.

Ombi liko kwenye trei yake, juu kabisa. Waya uko kwenye droo yangu. Nafungua kuutazama mara kwa mara.

Titus


Kalukuni,
3/11/2024

Titus,

Leo sikuiti karani. Hiyo droo iko na kufuli? Kama haina, fungua, toa waya, mpe Kilonzo.

Ama wacha, niko na njia nyingine. Wamunyu kuna kijana wa kutengeneza simu, yuko na kile kichwa cha USB kama chako. Nitaunga nyaya zangu mwenyewe. Sasa najua: mdomo kwa sikio, sikio kwa mdomo, nyeusi kwa GND, nyekundu isiguse kitu. Jumanne asubuhi naenda, na jioni king'ora kinalia. Hakuna mtu atajua ni wewe ulinifundisha. Nakuambia kabla ya kufanya kwa sababu ulituomba hii mambo ikae kati yetu, na sitaki kukuzunguka.

Juzi maji kidogo yalipita, ya kufika kwa kifundo cha mguu, rangi ya chai. Yalibeba mtungi wa Kamene jirani yetu. Aliukimbiza akipiga kelele "mume wangu anatoroka!" na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka.

Tracy


Machakos,
4 Novemba 2024

Tracy,

Nakuomba usifanye hivyo.

Najua unaweza. Hilo ndilo linalonitisha. Bwana Erastus sasa anajua habari ya waya. Sanduku likiamka kabla hajatia sahihi, atajua ni mimi niliyekuelekeza. Likiungua, ataandika kwamba karani aliharibu mali ya mradi, na maneno hayo yatanifuata kila mahali nitakapoomba kazi. Nyumbani Katelembo mimi ndiye mwenye mshahara. Baba hafanyi kazi tangu kiwanda kifungwe, na dada yangu Kavutha yuko kidato cha pili. Muhula uliopita alikaa nyumbani karibu nusu yake. Sikutaka kukuambia haya. Ninaona haya hata kuyaandika.

Ni mpaka Ijumaa tu. Jumatatu waya utafika ukiwa na sahihi, utaandika lile neno mwenyewe, na mimi nitaomba ruhusa nije nisikie kinavyolia. Kwa sasa wekeni watu wawili juu ya jiwe badala ya mmoja.

Tafadhali ngoja.

Titus


Machakos,
11 Novemba 2024

Tracy, Mama Tracy,

Ombi limetiwa sahihi! Ijumaa jioni nilimfuata Bwana Erastus mpaka kwenye gari. Alikuwa anaongea na simu. Aliweka karatasi kwenye boneti, akatia sahihi bila kusoma, akanirudishia kalamu. Basi. Ndilo jambo lenyewe nililokuwa nikiliogopa.

Tangu asubuhi namngoja Kilonzo na sasa ofisi inafungwa. Mwenye duka la vinyago anasema labda barabara imeharibika, maana Alhamisi ilinyesha hapa kama sijawahi kuona. Mfereji wa sokoni ulipasuka, na Kitheka alibeba redio za watu kichwani. Nimepiga simu zenu zote mbili. Najiambia kwamba mvua ikinyesha watu hubaki nyumbani. Kisha nakumbuka ulivyoniandikia, Mama, kwamba huko jua huwa linawaka.

Waya na barua hii namwachia mwenye duka, ampe Kilonzo saa yoyote atakayofika. Nijibuni hata mstari mmoja.

Titus


Kalukuni,
17/11/2024

Karani Titus,

Kilonzo hakuja Jumatatu. Alikuwa amechoka, kwa sababu siku mbili alikuwa anatafuta pamoja na wengine.

Alhamisi ile Tracy alikuwa juu ya jiwe. Zamu ilikuwa yangu. Alisema magoti yangu yapumzike. Yule wa pili alikuwa ameenda nyumbani kunyonyesha. Jua lilikuwa kali, mimi nilikuwa nimeanika mbaazi uani. Chini kulikuwa na wanawake kwa visima na lori moja linapakia, injini inanguruma. Aliona maji. Akapiga filimbi. Mimi huku nyumbani niliisikia. Wao hawakusikia, kwa sababu ya lori.

Akashuka. Alikimbia juu ya mchanga akipunga leso, akienda kisima kwa kisima, akiita kila mtu kwa jina lake. Kamene anasema alimvuta mkono mpaka ukapata maumivu, bado unamuuma. Wote walitoka. Hata dereva. Tracy alirudi kwa kisima cha mwisho kuangalia kama kuna mtu amebaki. Hakukuwa na mtu.

Tulimpata Jumamosi. Jana tumemzika.

Hii karatasi nyingine ni yake. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kompyuta, juu ya vitufe, ikingoja kwenda na Kilonzo. Nimeisoma. Naituma jinsi ilivyo.

Mama Tracy


Jumanne, 5/11/2024

Titus,

Umenikasirisha. Asubuhi nilikuwa nimevaa viatu vya kwenda Wamunyu. Nikasoma barua yako tena, nikavivua.

Nitangoja. Si kwa ajili ya huyo bosi wako, huyo akija hapa nitamwonyesha mto. Ni kwa sababu uliniambia habari ya Kavutha, na nimeona kwa mwandiko haikuwa rahisi kuisema. Mimi pia nimekaa nyumbani nikitazama wenzangu wakienda shule. Mama anasema nimekuwa mjinga. Nikamwambia si ni mpaka Jumatatu tu.

Lakini ukija, ngazi utapanda wewe, na mama atakushikilia na kukutisha. Nataka kuona uso wako king'ora kikilia. Kinalia vibaya sana, kama punda amekanyagwa. Huku tunakipenda hivyo hivyo.

Tracy


Katelembo,
18 Novemba 2024

Bi Syombua,

Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi. Kilonzo alinipa ile yako barabarani, akasimama, hakuondoka mpaka nilipomaliza kuisoma. Kisha akasema, "Kaa chini, karani."

Pole ni neno dogo na sina jingine.

Kuna jambo ni lazima ulisikie kwangu, ili asitokee mtu wa kusema kwamba Tracy alizembea. Waya ulikuwa mzima tangu siku niliyourekebisha. Alhamisi ile ulikuwa kwenye droo yangu, na droo haina kufuli. Tracy aliniuliza hilo nami sikumjibu. Angeweza kuutengeneza wa kwake Jumanne. Mimi ndiye niliyemwomba asiutengeneze, na sikumwomba kwa ajili ya sanduku wala mradi. Nilimwomba kwa ajili yangu.

Bwana Erastus amesema niandike ripoti, na niseme kwamba king'ora kilikuwa "katika matengenezo". Nimeketi mbele ya karatasi siku nzima.

Kilonzo ameichukua dukani bahasha ya waya, atakuletea. Kama yupo mwingine hapo anayejua kompyuta, maelezo ni yale yale ya kwanza, ila kijani na mweupe sasa vimepishana.

Titus Nzuki


Kalukuni,
24/11/2024

Titus,

Umeniita Bi Syombua. Tangu nijifungue mara ya kwanza hakuna mtu wa hapa ameniita hivyo. Mimi ni Mama Tracy. Hiyo haikubebwa na maji.

Waya iko juu ya meza pamoja na kompyuta yake. Neno najua. Kasi najua. Alinifundisha yote, jioni tukipika, mpaka nikamwambia aniondolee hizo namba kwa chakula. Lakini siwezi kupanda ile ngazi. Si magoti. Ile ngazi nilikuwa nashikilia yeye.

Kwa matanga watu waliuliza huyo karani wa Machakos ni nani, wa kwa nani. Sikusema jina lako. Usifikiri ni kwa huruma. Sikutaka jina lako litajwe siku hiyo.

Usinitumie barua ingine. Kilonzo nimemkataza kubeba. Unajua kuandika vizuri, na mimi nimechoka kusoma. Mvua haijaisha, na watu bado wanaingia mtoni, kwa sababu maji lazima yanywewe.

Njoo uunganishe. Usiombe ruhusa ya mtu.

Mama Tracy


Kalukuni,
8/12/2024

Titus,

Nilikukataza wewe kuandika, sikujikataza mimi.

Siku uliyokuja sikukupa hata maji ya kunywa. Hiyo si tabia ya nyumba yangu, na kama mama yako atasikia, mwambie nimesema hivyo. Ulipopanda, nilishikilia ngazi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yako. Lakini nyaya hukukosea.

King'ora kilipolia wewe ulikuwa umetazama sanduku. Hukuona nyuma yako. Mimi niliona. Hatukuwa tumeambia watu kwamba tunajaribu. Wote walitoka kwa mchanga. Walitupa vikombe, walitupa mitungi, Kamene alikuwa mbele na mkono wake mbaya, vijana waliacha lori milango wazi. Wakapanda ukingo, wakasimama huku wanahema, wanatazama mto mkavu. Hakuna mtu alitukana. Nilisimama nikiwaangalia wanavyopanda, mmoja, mwingine, mwingine. Wakamalizika. Na mimi nikaendelea kuangalia njia, mpaka ukaniita ukisema Mama Tracy, herufi zimeshuka zote, taa ni ya kijani.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Kililia. Dada yangu wa Ndithini anataka niwe naenda kwake siku hizo, nisisikie. Sitaenda.

Kilonzo ameniambia uliandika ripoti ya kweli, na mkataba wako haukufanywa upya. Nilipoambiwa sikufurahi. Sikuhuzunika pia. Niliendelea kuchambua mbaazi. Baadaye nikauliza Kavutha atasomaje, na Kilonzo akasema hajui.

Ukiondoka ulisimama mlangoni na begi yako, na najua ulikuwa unauliza kama nimekusamehe. Jibu ni kwamba bado. Sijui kama hiyo siku itakuja. Asubuhi nyingine naamka nikifikiri imekaribia, halafu naona viatu vyake vya Wamunyu pale chini ya kiti, jinsi alivyovivua.

Ikija, nitaandika mimi mwenyewe. Usitume mtu, usiulize, usitangulie. Kilonzo anajua kwenu Katelembo. Jumatatu akipita bila kusimama, ujue ni bado.

Mama Tracy